Heinrich Barkhausen: Mtu aliyesikia chuma kikigeuka sumaku

Mvua zinapoanza huku Litembo, na Mbinga nzima kwa ujumla, wasikilizaji wetu hutuuliza swali lile lile: kwa nini redio inakwaruza? Anayesikiliza masafa ya kati au masafa mafupi anajua tunachosema. Radi ikipiga upande wa Ziwa Nyasa, hata kabla ngurumo haijafika masikioni, spika inapasuka "kra!" katikati ya taarifa ya habari. Mafundi wetu kazi yao kubwa ni kupunguza mikwaruzo ya aina hiyo. Kwa mtu wa redio, mkwaruzo ni uchafu.

Kuna Mjerumani mmoja, profesa wa mawasiliano, ambaye jina lake limeingia katika vitabu vya fizikia kwa sababu ya mikwaruzo miwili aliyoisikia na kukataa kuipuuza. Mmoja ulitoka angani. Mwingine ulitoka ndani ya kipande cha chuma. Huo wa pili ndio uliotufanya tuandike makala haya, kwa sababu umezaa elimu ambayo leo inatumika katika nyaya nyembamba kuliko unywele, zilizofunikwa kwa kioo, ambazo wengi wetu hatujawahi kuzisikia ingawa huenda tumepita karibu nazo dukani.

Heinrich Barkhausen alizaliwa tarehe 2 Desemba 1881 katika mji wa bandari wa Bremen, kaskazini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu tu wakati Ujerumani ilipotangaza ulinzi wake juu ya sehemu za nchi ambayo baadaye ikaitwa Tanganyika. Alikua katika kipindi ambacho umeme ulikuwa jambo jipya: simu zilikuwa zinaingia mijini, taa zikiwaka bila mafuta, na mwaka 1888, akiwa bado mtoto, Mjerumani mwenzake Heinrich Hertz alionyesha kwamba mawimbi ya redio yapo kweli. Barkhausen alisoma katika vyuo vya München, Berlin na Göttingen, na huko Göttingen mwaka 1907 akapata shahada ya udaktari. Mada yake ilikuwa jinsi ya kuzalisha mitetemo ya umeme. Bila mitetemo hiyo hakuna kituo cha redio.

Akafanya kazi Berlin katika kampuni ya Siemens & Halske, kisha mwaka 1911, akiwa na miaka 29, akaitwa Dresden kuwa profesa. Somo lake liliitwa elimu ya umeme mdogo. Jina hilo linahitaji maelezo kidogo. Wakati ule wahandisi waligawa umeme katika makundi mawili. Umeme mkubwa ulikuwa wa mashine, mota na taa. Umeme mdogo ulikuwa wa simu na telegrafu, yaani umeme unaobeba habari. Nafasi aliyopewa Barkhausen ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kwa somo hilo, na alibaki Dresden karibu maisha yake yote yaliyosalia.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta huko. Na hapa inabidi tusimame kidogo tuangalie ufukwe wetu wenyewe, kwa sababu vita hivyo vilifika Ziwa Nyasa mapema sana. Tarehe 13 Agosti 1914, pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, meli yao iitwayo Hermann von Wissmann ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaja kutoka upande wa Nyasaland ikiongozwa na nahodha Rhoades, ikafyatua mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alishangaa na kukasirika, maana alimfahamu Rhoades vizuri na walikuwa marafiki. Hakuwa amepata habari kwamba nchi zao zilikuwa vitani tangu tarehe 4. Mwenzake alikuwa amezipata kwa telegrafu. Tofauti kati ya nahodha aliyekamata meli na nahodha aliyekamatwa ilikuwa waya mmoja wa habari. Wazee wa Liuli wana hadithi nyingi kuhusu siku hiyo, na sisi tunaiona kama somo la kwanza la mawasiliano katika wilaya zetu.

Huko Ulaya pia waya wa habari ulikuwa silaha, na Barkhausen aliwekwa kwenye kazi hiyo. Alifanya utafiti wa mawasiliano ya kijeshi. Askari katika mahandaki walitumia simu za vita ambazo mara nyingi zilikuwa na waya mmoja tu, na umeme ukarudi kwa njia ya ardhi. Maana yake ni kwamba mazungumzo yalivuja udongoni. Upande wa pili ukichomeka vyuma viwili ardhini, ukaunganisha na amplifaya, ungeweza kuyasikia maneno ya adui bila kugusa waya wake. Watu walikufa kwa sababu ya maneno yaliyosikika hivyo, na hatuoni sababu ya kuipamba kazi hiyo. Amplifaya za kukuzia mazungumzo ya adui ndizo zilizomfungulia Barkhausen mlango wa sayansi.

Amplifaya hizo zilitumia valvu, zile chupa za kioo zenye waya ndani ambazo baadhi ya wasomaji wetu wenye umri mkubwa watazikumbuka kwenye redio za zamani, zilizokuwa zikihitaji muda kupata moto kabla ya kuanza kuongea. Valvu ilikuwa kitu kipya. Kwa mara ya kwanza binadamu aliweza kuchukua umeme dhaifu mno na kuukuza hadi masikio yausikie. Na mtu akipata chombo kipya cha kusikilizia, anasikia vitu ambavyo havikukusudiwa.

Kwanza ilikuwa miluzi. Waliokuwa wakisikiliza ardhini walisikia sauti ya mluzi unaoanza juu na kushuka chini polepole, kwa sekunde moja au mbili. Askari walisema ni sauti ya mabomu yakiruka. Barkhausen hakuridhika na jibu hilo. Aliandika alichosikia, akabuni maelezo, na akalirudia suala hilo tena miaka mingi baadaye. Jibu kamili lilikuja mwaka 1953, Cambridge, kwa kijana mtafiti L. R. O. Storey: miluzi ile inatokana na radi. Radi inatoa mawimbi ya kila aina kwa mkupuo mmoja. Sehemu ya mawimbi hayo inapanda juu ya anga, inafuata njia za uga wa sumaku wa dunia, inavuka ikweta mbali kabisa angani na kushuka upande wa pili. Mawimbi ya sauti ya juu yanatangulia kufika, ya sauti ya chini yanachelewa, ndiyo maana sikio linasikia mluzi unaoshuka. Kwa hiyo radi iliyopiga nusu ya kusini ya dunia inaweza kusikika kama mluzi nusu ya kaskazini. Barkhausen alikuwa bado hai jibu hilo lilipotoka, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Kwetu huku karibu na ikweta mluzi huo ni adimu kusikika ardhini, hivyo ukisikia redio yako inapiga mluzi, tafuta sababu nyingine kwanza.

Jambo la pili alilisikia kwenye chuma, na alilitangaza mwaka 1919, katika andiko moja na lile la miluzi. Jaribio lenyewe ni rahisi kiasi cha kushangaza. Alichukua kipande cha chuma, akakizungushia waya mwembamba mizunguko mingi kufanya koili, na ncha za koili akaziunganisha na amplifaya na kisikizio cha simu. Kisha akasogeza sumaku polepole kuelekea chuma. Kila mtu wakati ule alijua kwamba chuma kikikaribiwa na sumaku nacho hugeuka sumaku, na kwamba badiliko hilo huzalisha umeme kidogo ndani ya koili. Kitabu kingetarajia sauti laini au kimya, kwa kuwa sumaku ilisogezwa taratibu. Kilichosikika kilikuwa mchakarisho, mfano wa mchanga unaomwagwa juu ya bati, au mvua ya kwanza kwenye majani makavu.

Kila mkwaruzo mdogo ulikuwa na maana. Ulionyesha kwamba chuma hakigeuki sumaku kwa mteremko laini. Kinageuka kwa vishindo vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kikiwa ni sehemu ndogo ya chuma inayobadili mwelekeo ghafla. Mwaka 1907 Mfaransa Pierre Weiss alikuwa ametoa nadharia kwamba ndani ya chuma kuna maeneo madogo, na kila eneo tayari ni sumaku kamili yenye mwelekeo wake. Chuma cha kawaida hakivuti kitu kwa sababu maeneo hayo yameelekea huku na huku na kufutana. Hakuna aliyekuwa ameyaona. Barkhausen hakuyaona pia, ila aliyasikia yakigeuka. Picha za mipaka yake kwa unga wa chuma zilikuja mwaka 1931, zaidi ya miaka kumi baada ya sauti.

Kwa watu wa Umatengo tuna mfano ulio karibu. Fikirieni mlima uliolimwa ngolo. Kila shimo limezungukwa na matuta yake, na kila shimo linashika maji yake. Mvua ikizidi, maji hayateremki mlima mzima kwa pamoja. Tuta moja linazidiwa, linakatika, maji yanaruka kwenye shimo la chini, yanatulia. Kisha tuta jingine. Mtu aliyesimama mbali gizani angesikia mfululizo wa vishindo vidogo. Ndani ya chuma, matuta hayo ni mipaka kati ya eneo moja la sumaku na jingine, na kinachoizuia mipaka isiteleze ni kasoro za chuma chenyewe: chembe za kaboni, nyufa ndogo, sehemu zilizopondwa na nyundo. Ndiyo maana leo viwanda hupima ubora wa gia na beringi kwa kusikiliza mchakarisho huo. Chuma kilichoungua kidogo wakati wa kusagwa, au chenye mkazo uliojificha ndani, kinachakarisha tofauti na kilicho salama. Hakuna haja ya kukikata.

Barkhausen mwenyewe hakubaki kwenye sumaku. Alikuwa mtu wa mawasiliano na alirudi kwenye valvu. Mwaka 1920, pamoja na Karl Kurz, alipata njia ya kutengeneza mawimbi mafupi sana ambayo valvu za kawaida za siku hizo zilishindwa kuyatoa. Aliandika vitabu vya valvu vilivyosomwa na vizazi vya mafundi. Na kuna kanuni moja yenye jina lake ambayo kila mshereheshaji wa harusi ameipata kwa uchungu: ukielekeza maiki kwenye spika, ukumbi mzima unazibwa masikio na mlio mkali. Sauti inatoka spika, inaingia maiki, inakuzwa, inatoka tena. Barkhausen alieleza ni wakati gani mzunguko wa aina hiyo unajiendesha wenyewe: kukuzwa kwa sauti lazima kutoshe kufidia kinachopotea njiani, na inaporudi lazima iende sambamba na ile iliyotangulia. Harusini ni kero. Kwenye mtambo wa kurushia matangazo, huo ndio moyo unaozalisha wimbi letu.

Alihangaika pia na swali la ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, na katika miaka ya 1920 akatengeneza kifaa cha kuupima. Kipimo kiitwacho foni kinatokana na kazi yake. Mwaka 1928 alipewa medali ya Heinrich Hertz, na mwaka 1933 wahandisi wa redio wa Marekani wakampa tuzo yao ya Morris Liebmann.

Tukirudi kwenye chuma, swali lililofuata lilikuwa hili: kama mchakarisho unatokana na vishindo vingi vidogo, je, inawezekana kupata kishindo kimoja tu? Jibu lilitoka Marekani mwaka 1931. Watafiti wawili wa kampuni ya General Electric, Sixtus na Tonks, walichukua waya wa mchanganyiko wa nikeli na chuma, wakauvuta kwa nguvu, kisha wakaongeza uga wa sumaku taratibu. Waya uliovutwa ulikuwa na tabia ya ajabu. Ulitulia tuli, haukujibu chochote, hadi kiwango fulani kilipofikiwa. Hapo ukageuka wote kwa mkupuo. Mpaka mmoja ulianzia sehemu moja ya waya na kukimbia kwa urefu wake wote. Ile mvua ya vishindo ya Barkhausen ikawa kofi moja. Wanasayansi wanakiita kishindo kikubwa cha Barkhausen.

Mvuto una kazi gani hapo? Baadhi ya metali hurefuka kidogo sana zikigeuka sumaku, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Metali ya namna hiyo ukiivuta kwa urefu, inapendelea sumaku yake ilale kwa urefu huo huo. Unakuwa umeinyima uhuru wa kuelekea pembeni, na imebakiwa na chaguzi mbili: mbele au nyuma. Kutoka moja kwenda nyingine hakuna kituo cha kati.

Tatizo ni kwamba waya wa kuvutwa unahitaji kitu cha kuuvuta daima. Hapa ndipo kioo kinapoingia. Mwaka 1924 mtafiti G. F. Taylor alikuwa ameonyesha njia ya kutengeneza nyaya nyembamba mno kwa kuyeyusha metali ndani ya mrija wa kioo na kuvuta vyote viwili kwa pamoja. Warusi, wakifuata kazi ya Ulitovsky, wakaiendeleza njia hiyo katikati ya karne iliyopita hadi ikawa ya kiwandani. Mrija wa kioo wenye metali ndani huwekwa juu ya koili yenye umeme wa masafa ya juu. Metali inayeyuka, zaidi ya nyuzi 1000 za joto, na joto lake linalainisha kioo. Fundi anashika ncha ya kioo kilicholainika na kuivuta, kama mtu anayevuta uzi wa ulimbo, na ndani ya uzi huo wa kioo metali iliyoyeyuka inafuata. Uzi unapita kwenye mchirizi wa maji baridi na kuviringishwa kwenye kibiringo kinachozunguka kwa kasi.

Wembamba wake ni huu: metali ya katikati inaweza kuwa na upana wa maikromita 1 hadi 30 hivi, na kioo kinachoifunika nacho ni maikromita chache. Unywele wa mtu huwa na kama maikromita 70. Tumepiga hesabu wenyewe: gramu 5 tu za mchanganyiko wa chuma, zikivutwa kuwa waya wa maikromita 15, zinatoa zaidi ya kilomita 3 za waya.

Kupoa haraka kunaleta jambo jingine kubwa. Metali ya kawaida ikiganda, atomu zake hujipanga kwa safu, mfano wa miche ya kahawa kwenye shamba lililopimwa. Huo ndio mpangilio wa fuwele. Ila ukiipoza kwa kasi ya nyuzi laki moja hadi milioni moja kwa sekunde, atomu hazipati nafasi ya kujipanga. Zinaganda zilivyo, vurugu tupu, kama zilivyokuwa kwenye uji. Pol Duwez na wenzake walionyesha hilo huko California mwaka 1960 kwa mchanganyiko wa dhahabu na silikoni. Metali za namna hiyo huitwa metali za amofasi, au kioo cha metali, kwa sababu kioo cha dirishani nacho ni vurugu iliyoganda. Mtu angedhani vurugu ingeongeza mikwamo. Matokeo ni kinyume. Fuwele zina mipaka yake na mielekeo inayopendelea, na hiyo ndiyo inayokwamisha sumaku. Panapokosekana fuwele, mpaka wa sumaku hauna pa kujikwaa.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Waya wa amofasi uliojaa chuma, pamoja na silikoni na boroni, uko ndani ya shati la kioo. Vyote vinapopoa, metali inataka kusinyaa kuliko kioo. Kioo kimeishikilia, kinakataa. Metali inabaki imevutwa milele, bila jiwe lolote la kuning'inizwa. Kazi ambayo Sixtus na Tonks walihitaji mtambo kuifanya, hapa inafanywa na kioo, kila siku, kimyakimya. Waya kama huo ukiwekwa kwenye uga wa sumaku unageuka kwa kofi moja, na mpaka wake hukimbia mamia ya mita kwa sekunde, wakati mwingine zaidi ya kilomita moja kwa sekunde. Nyaya za amofasi za zamani zisizo na kioo, zenye upana wa maikromita kama 125, zilihitaji urefu wa karibu sentimita 7 ili zioneshe tabia hiyo. Wenye shati la kioo unatosha kwa milimita chache.

Ukibadilisha mchanganyiko, tabia inabadilika. Waya wenye kobalti nyingi hauna hamu ya kurefuka, kwa hiyo mvuto wa kioo haumlazimishi kulala kwa urefu. Wenyewe haupigi kofi. Ila ukipitishiwa umeme wa masafa ya juu, upinzani wake kwa umeme huo hubadilika sana hata kwa uga dhaifu wa sumaku. Tabia hiyo ilielezwa mwaka 1994, na Wajapani wameitumia kutengeneza vihisio vidogo vya dira.

Na zile nyaya za kofi moja? Baadhi ya maduka makubwa hufunga waya wa aina hiyo ndani ya kibandiko cha bidhaa. Mlangoni pana uga wa sumaku unaobadilika. Mtu akipita na bidhaa ambayo haijalipiwa, waya unageuka ghafla, unatoa mshtuko mfupi na mkali ambao msumari, funguo au kopo haviwezi kuuiga, na kengele inalia. Kishindo kinachosikilizwa mlangoni ni kile kile alichokisikia profesa wa Dresden, kilichokusanywa kikawa kimoja.

Yeye hakukiona kifaa hicho. Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 na siku zilizofuata, ndege za Uingereza na Marekani ziliiteketeza Dresden kwa mabomu. Taasisi aliyoijenga tangu mwaka 1911 ikaharibika. Alikuwa na miaka 63. Wanasayansi wengi wa Kijerumani walielekea magharibi, wengine wakachukuliwa Marekani au Urusi. Barkhausen alirudi Dresden, mji uliokuwa sasa upande wa Wasovieti, akaanza tena kufundisha. Mwaka 1949 serikali mpya ya Ujerumani Mashariki ilimpa Tuzo ya Taifa. Alifariki mjini humo tarehe 20 Februari 1956, na chuo kikuu chake kina jengo lenye jina lake hadi leo.

Kwa walimu wa sayansi na vijana wa sekondari waliotuomba jaribio la kufanya: hili linawezekana hapa hapa Litembo. Tafuteni koili yenye mizunguko mingi ya waya mwembamba, kwa mfano kutoka kwenye rilei au transfoma ya redio iliyokufa. Ndani yake ingizeni kipande cha chuma laini, au fungu la nyaya za kufungia nondo. Ncha za koili ziunganishwe na tundu la maiki la amplifaya yenye spika, na kamwe zisiguse umeme wa ukutani. Kaeni mbali na nyaya za umeme, la sivyo mtasikia muungurumo wake tu. Fungueni sauti juu, kisha sogezeni sumaku ya spika ya zamani kuelekea koili, polepole sana, halafu mgeuzeni ncha ya sumaku na kurudia. Mkiisogeza haraka mchakarisho unakuwa mkali na unaungana. Mkienda taratibu mtaanza kusikia chembe moja moja. Jaribuni kwanza na msumari mpya, kisha na ule uliogongwa na kupindwa, mlinganishe.